Kidogo Ni Ngapi?

Kuna taa ndogo ya manjano kwenye dashibodi ya magari mengi ya siku hizi. Imechorwa kama tairi iliyokatwa juu, na katikati pana alama ya mshangao. Mtu akiiona mara ya kwanza anaweza kudhani ni sufuria inayochemka. Kazi yake ni moja tu: kukwambia kuna tairi imekosa upepo.

Marekani, sheria inataka taa hiyo iwe imewaka kabla upepo haujashuka zaidi ya asilimia 25 chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye stika ya mlango. Stika ikisema 33, mstari uko 24.75. Kwa gari lililotengenezwa kutii sheria na kuishia hapo, ukiwa na 25 taa imelala. Ukifika 24, inawaka, na mfumo umepewa hadi dakika 20 za kugundua. Sasa niambie, kati ya 25 na 24 kumetokea nini? Mpira ni ule ule, barabara ni ile ile, na watu ndani ya gari ni wale wale. Lakini upande mmoja wa mstari unaitwa salama na upande wa pili unaitwa hatari.

Hili si swali la mafundi peke yao. Ni swali la kila mtu ambaye amewahi kujiambia, "Bado haijafika mahali pabaya."

Tuanze na huo mstari, maana watu hudhani uligunduliwa kwenye maabara, kama vile maji yanavyochemka kwa nyuzi 100. Haikuwa hivyo. Agosti 2000, kampuni ya Bridgestone/Firestone iliita tairi milioni 6.5 zirudishwe. Nyingi zilikuwa kwenye Ford Explorer, na zilikuwa zikipasuka gari likiwa mbioni. Marekani peke yake, zaidi ya watu 250 walihesabiwa kufa kwenye ajali zilizohusishwa na tairi hizo. Kampuni mbili zikaanza kunyoosheana vidole. Ford ilikuwa imewaambia wateja waweke psi 26. Firestone ikasema ilipaswa kuwa 30. Yaani hata kabla hatujauliza upepo ukishuka kiasi gani ndio hatari, kulikuwa na ubishi kuhusu tunahesabu tukianzia wapi.

Mwaka huo huo Bunge la Marekani likapitisha sheria inayoitwa TREAD. Ndani yake kuna kipengele kifupi: magari mapya yawe na mfumo wa kumwonya dereva tairi ikiwa imepungukiwa upepo "kwa kiasi kikubwa". Hawakuandika nambari. Wabunge waliandika neno, wakaenda zao, wakawaachia watu wa mamlaka ya usalama barabarani kazi ya kugeuza neno kuwa hesabu. Kiasi kikubwa ni ngapi?

Mwaka 2002 mamlaka ikatoa jibu lenye milango miwili. Mtengenezaji angeweza kuweka mfumo unaochunga tairi zote nne na kuonya kwa asilimia 25, ama mfumo wa bei nafuu unaochunga tairi moja moja na kuonya kwa asilimia 30. Shirika la Public Citizen na wenzake wakaenda kortini. Agosti 2003 korti ya rufaa ya New York ikafuta kanuni hiyo na kusema mlango wa pili haukubaliki. Kanuni mpya ikatoka 2005 ikiwa na 25 kwa tairi zote, na kufikia Septemba 2007 magari mapya madogo yote Marekani yalitakiwa kuwa na hiyo taa. Ulaya wao walichagua asilimia 20, wakihesabu kutoka upepo wa tairi ikiwa imepata moto barabarani, na wakailazimisha kwa magari mapya yote kuanzia Novemba 2014. Kwa hivyo tairi ile ile inaweza kumpigia kelele dereva wa London huku mwenzake wa Chicago anaendesha kwa amani. Mpira haujui mipaka ya nchi. Mstari ulichorwa na watu mezani, kila mmoja na gharama zake na hofu zake.

Sasa utauliza, kwani nini kiliwazuia kuweka asilimia 10 wakamaliza? Kwa sababu tairi inapumua. Joto likishuka nyuzi tano ama sita za Selsiasi, upepo unapungua karibu psi moja. Asubuhi ya baridi taa ingewaka, ukifika mbele kidogo tairi ikapata moto, taa ingezima. Kesho tena. Wiki ya pili ungeizoea, na mwezi wa pili ungebandika selotepu juu yake. Onyo linaloonya kila saa halionyi. Waliochora mstari hawakuwa wanapima mpira pekee. Walikuwa wanapima uvumilivu wetu pia: huyu binadamu tumsumbue mara ngapi kabla hajaacha kutusikiliza?

Ukielewa hapo, umeelewa kitu kikubwa. Taa haijawahi kusema, "Kabla sijawaka, uko sawa." Inachosema ni kwamba hali imeharibika kiasi cha kustahili kukukatizia safari. Ukimya wake hauna habari yoyote ndani. Tairi nzima hupoteza karibu psi moja kwa mwezi bila pancha yoyote. Piga hesabu: kutoka 33 hadi 24.75 ni miezi minane. Miezi minane ya kimya, na kila mwezi tairi inajikunja zaidi pembeni kila inapozunguka, inapata moto zaidi, na kitambaa na nyaya zilizo ndani ya mpira zinachoka. Siku taa inawaka, uharibifu hauanzi siku hiyo. Siku hiyo unatangazwa tu.

Kuna Mgiriki wa kale, Eubulides wa Mileto, aliyeishi karne ya nne kabla ya Kristo, ambaye anatajwa kama mwenye fumbo la rundo. Punje moja ya ngano si rundo. Ukiongeza moja, bado si rundo. Ukiendelea hivyo, ni punje ya ngapi inayoligeuza kuwa rundo? Mama anayeuza omena Nyandiwa hahitaji Mgiriki kumweleza. Toa omena mmoja kwenye gorogoro, bado ni gorogoro. Toa mwingine, bado. Hakuna omena hata mmoja utakayemwonyesha mteja na kusema, "Huyu ndiye aliyefanya nikuibie." Na bado mteja akifika nyumbani akikuta nusu, ameibiwa. Wizi upo. Kilichokosekana ni samaki mmoja wa kubebeshwa lawama.

Makosa mengi maishani yana umbo hilo. Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni kweli, lakini haikutuambia ufa unaanza kuitwa ufa ukiwa na upana gani. Hapo kwenye ukungu ndipo tunapojificha. Kila hatua ni ndogo mno kuitwa kosa, basi tunazipiga zote.

Nimetaja Nyandiwa kwa sababu nataka tupande kutoka ziwani hadi Magunga, huko Gwassi, kaunti ya Homa Bay. Toka Magunga uende kaskazini kuelekea Sindo na Mbita, ama kusini kuelekea Karungu na Sori upande wa Migori, na gari utakalokutana nalo sana ni Probox. Hiyo taa ya manjano, kwa Probox nyingi, hutaipata. Haijazima wala haijaharibika. Haikuwekwa kabisa. Magari yetu mengi tunayanunua Japani yakiwa yametumika, Kenya inakubali yasiyozidi miaka minane, na Japani haijawahi kulazimisha mfumo huo kwa magari madogo jinsi Marekani na Ulaya walivyofanya. Stika ya mlangoni mara nyingi iko pale, ila imeandikwa Kijapani. Kinachosomeka ni nambari tu, na yenyewe ni ya kilopaskali. Ukiona 240, hiyo ni kama psi 35. Dereva hasomi Kijapani, na hakuna mtu aliyewahi kumtafsiria.

Basi mfumo wa kuonya ni mguu wake. Asubuhi kabla ya abiria wa kwanza anazunguka gari, anapiga kila tairi teke, anasikiliza. Tairi yenye upepo inarudisha mguu, iliyokosa inaumeza. Halafu anapeleka gari kwa fundi wa pancha mwenye kompresa, na utasikia mazungumzo ambayo nayaheshimu kuliko vitabu vingi:

"Omera, hizo za nyuma ongeza kidogo."

"Kidogo ngapi?"

"Kidogo tu. Leo kuna mzigo."

"Mzigo ngapi?"

Fundi ameuliza maswali mawili, na yote mawili ndiyo yaliyowachukua Wamarekani miaka na kesi moja. La pili ndilo zito zaidi. Upepo wa kutosha hautoshi peke yake. Unatosha kubeba nini? Probox imesajiliwa watu watano. Ikibeba wanane ama tisa, pamoja na magunia ya omena huko nyuma na kuku wawili chini ya kiti, tairi yenye psi 33 inafanya kazi kama tairi iliyokosa upepo, ingawa geji inasema iko sawa. Geji haijadanganya. Imejibu swali ililoulizwa, na hakuna aliyeiuliza kuhusu mzigo.

Hapa ndipo mfumo wa bei nafuu, ule uliokataliwa kortini, unanifundisha jambo. Mifumo iko ya aina mbili. Ya kwanza ina kihisi ndani ya kila tairi, chenye betri yake, kinachopima upepo wenyewe na kutuma jibu kwa redio. Ya pili haipimi upepo hata kidogo. Inatumia vihisi vya breki za ABS kuhesabu mizunguko, kwa sababu tairi iliyonywea inakuwa fupi kidogo, kwa hivyo inazunguka haraka kuliko wenzake. Mfumo unalinganisha: huyu mbona anakimbia kuliko wengine? Ni akili nzuri sana. Lakini ile mifumo ya kwanza ya aina hii ilikuwa na shimo kubwa. Tairi zote nne zikinywea pamoja, kwa kiasi kile kile, hakuna anayekimbia kuliko mwenzake. Mfumo unaona usawa, na usawa unauita salama.

Soma tena hiyo sentensi ukifikiria steji yoyote unayoijua.

Ikiwa kila Probox inabeba tisa, anayebeba saba ni mtakatifu. Abiria wanamsifu. Askari wa kizuizini anampungia mkono. Yeye mwenyewe analala usingizi mzuri kabisa, kwa sababu amejilinganisha na wenzake na akajikuta juu. Wote wamenywea pamoja, kwa hivyo taa haiwaki kwa yeyote. Na si Probox tu. Ofisi ambayo kila mtu anakula kidogo humfanya anayekula kidogo zaidi aonekane mwaminifu. Wakati mwingine tunachoita dhamira ni vihisi vya ABS tu: hatupimi upepo, tunapima nani anazunguka haraka kuliko sisi.

Aina hii ya pili ina kitu kingine cha kutisha zaidi. Ina kitufe cha kuseti upya. Ukishajaza upepo unakibonyeza, na gari linajifunza kwamba hali ya sasa ndiyo hali ya kawaida. Sasa fikiria mtu anayeona taa imewaka, hajajaza chochote, anabonyeza kitufe. Taa inazima. Gari limejifunza kwamba kunywea ndio uzima, na kuanzia hapo litahesabu hasara kutoka chini. Halitamwonya hadi ashuke tena kutoka pale alipokuwa ameshashuka. Nadhani kila mmoja wetu anajua kitufe hicho kiko wapi kwake. Kwa lugha ya mtaa kinaitwa "ndio vile kunaendanga".

Najua kuna msomaji tayari anakunja uso. Wewe umekaa Nairobi unaandika maadili, dereva wa Magunga ana hesabu ya kumpelekea mwenye gari jioni. Akibeba watano kwa ile barabara, mafuta yatamla. Tairi mpya ni pesa ya karo ya mtoto. Umwambie nini?

Pingamizi hilo ni la haki, na silikwepi. Simwambii dereva lolote ambalo siko tayari kumwambia mwenye gari kwanza. Tazama vizuri nani anachora mstari na nani anakaa juu ya tairi. Mwenye gari anaweka hesabu ya siku, na hesabu hiyo ndiyo inayoamua watu ni wangapi na tairi itavaliwa hadi lini. Lakini yeye hayuko ndani ya gari. Aliyeko ndani ni mama aliyepakatwa kwenye buti na magunia yake, na amelipa nauli sawa na aliyekaa mbele. Hata kule Marekani, walioandika 26 kwenye stika hawakuwa kwenye viti vya nyuma. Mstari wa hatari unaochorwa na mtu ambaye hatakuwa kwenye ajali utavutwa chini kila siku, na hata hatahitaji kuwa mtu mbaya. Inatosha tu kwamba hasikii tairi ikimeza mguu.

Kwa hivyo umaskini haufuti swali. Unabadilisha anayepaswa kulijibu. Dereva asiye na chaguo ana lawama ndogo, lakini lawama yake haiyeyuki hewani. Inahamia kwa yule mwenye chaguo. Na sisi abiria tuko mahali fulani katikati. Tunaposema "songa, tutoshe", tunasaidia kuchora mstari. Hatulipwi kwa kazi hiyo, lakini tunaifanya.

Kuna mstari mwingine tunaoujua sote. Tangu kanuni za Michuki zianze kufanya kazi Februari 2004, magari ya abiria yanatakiwa kuwa na spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa. Ni kanuni iliyokuwa na maana. Lakini muulize mtu yeyote aliyewahi kushuka mteremko wa changarawe mvua ikinyesha: 79 ni halali, na 79 inaweza kukuua. Sheria ilikuja kutuzuia tusipite pale. Haikusema kila kilicho chini yake kina baraka.

Nimejifunza kuogopa ukimya wa taa mahali ambapo hakuna gari. Niliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya karo. Kwenye tovuti ya wanafunzi, deni langu lilikuwa likipanda muhula baada ya muhula, na kila nilipoingia kulikuwa na rangi ya kijani na neno "Active". Wiki ya mitihani ikawa nyekundu, mlango ukafungwa. Mfumo haukudanganya. Mtu fulani aliamua deni la kiasi fulani ndilo litakalowasha taa, na akaweka mstari huo mahali ambapo onyo na adhabu vinafika siku moja. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuna maonyo yaliyowekwa ili yakuokoe, na kuna mengine yamewekwa ili baadaye mtu aseme, "Lakini tulikuonya." Unayatenganisha kwa swali moja: likiwaka, bado una muda wa kufanya nini?

Na marafiki zetu je? "Uko poa?" "Niko poa." Tumeachia taa kazi yote. Tunangoja msee aache kushika simu, ama apost kitu saa tisa usiku, ndio tuseme kumbe. Lakini ukimya wa mtu, kama ukimya wa dashibodi, hauna habari ndani yake. Miezi minane inaweza kupita.

Sitaki kusema mistari haina kazi. Bila nambari, "kiasi kikubwa" kingebaki neno la wabunge na hakuna tairi ingeokolewa. Tunahitaji 25, tunahitaji 80, tunahitaji watu watano. Ninachokataa ni kuuomba mstari kazi isiyo yake. Mstari ni wa kumshtua aliyesahau. Hauwezi kumhesabia haki asiyejali. Wajibu unaanza mapema, kule kwenye ukungu ambako hakuna taa, na njia ya kuutimiza haina falsafa nyingi: chukua geji mwenyewe, pima asubuhi tairi ikiwa baridi, pima kwa stika na si kwa jirani, na uhesabu mzigo wa leo, sio wa siku gari lilipotoka kiwandani. Na kama wewe ndiye unayeweka hesabu ya jioni, panda gari hilo mara moja kwa mwezi. Kaa nyuma.

Fundi wa pancha hakuwahi kukubali neno "kidogo". Alitaka nambari, halafu akataka kujua inabeba nini. Nafikiri mtu anayejiuliza hayo mawili kabla taa haijawaka amefanya karibu yote ambayo maadili yanaweza kumwomba. Barabara nayo itaomba ya kwake.